Mbona Mwanza hakuna fronti? Jibu kwa msomaji aliyehamia Iowa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimekulia Mwanza, sasa naishi Des Moines, Iowa, mwaka wa pili huu. Radi si ngeni kwangu, maana kwetu ziwani zilikuwa zikipiga usiku kucha. Lakini hali ya hewa ya huku imenishinda. Jana mchana tulivaa fulana, leo asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kwenye televisheni wanachora mistari ya bluu na nyekundu na kusema fronti inakuja, na ikifika Aprili na Mei ving'ora vinalia kwa ajili ya tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka wingu hadi ardhini. Mbona kwetu hatukuwa na fronti wala tonado? Na mimi ninayekaa ghorofani, nyumba isiyo na chumba cha chini ya ardhi, king'ora kikilia nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo la kuokoa maisha na nitalifikia. Ila niruhusu nianze na ile mistari ya bluu, kwa sababu ukiielewa hutangoja king'ora ndipo ushtuke.

Hewa huchukua tabia ya mahali ilipokaa. Ikitulia siku kadhaa juu ya kaskazini mwa Kanada wakati wa baridi, ambako jua ni hafifu na theluji inaurudisha angani mwanga mwingi, hupoa kuanzia chini, hukauka na kuwa nzito. Ikikaa juu ya Ghuba ya Meksiko hupata joto na kubeba maji mengi. Ikitoka nyanda za juu za Meksiko na majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, huwa ya joto lakini kavu. Hewa ya namna hiyo, yenye hali inayofanana kwa upana wa mamia hadi maelfu ya kilomita, ndiyo inayoitwa tungamo la hewa.

Sasa fungua ramani uangalie mahali unapokaa. Milima ya Rocky imelala toka kaskazini kwenda kusini. Hakuna safu ya milima iliyokatiza kati ya Aktiki na Ghuba. Kule Asia, Himalaya huizuia hewa baridi ya Siberia isishuke India. Huko kwenu hakuna wa kuizuia. Hewa ya Kanada huteremka hadi Texas bila kubisha hodi, na ile ya Ghuba hupanda hadi Minnesota. Iowa iko katikati ya njia. Hewa hizi mbili zikikutana hazichanganyiki upesi, kwa kuwa moja ni nzito na nyingine nyepesi. Mpaka kati yao ndio fronti.

Mstari wa bluu wenye pembetatu ni fronti baridi: hewa baridi ndiyo inayosonga mbele, na pembetatu zinaelekea inakokwenda. Inaingia chini ya hewa ya joto kama kabari chini ya gogo. Ukienda kilomita 100 nyuma ya mstari huo unaweza kukuta hewa baridi ina unene wa kilomita moja tu, lakini mteremko huo unatosha kuirusha juu hewa ya joto iliyokuwa mbele. Ikipanda inapoa, unyevu wake unakuwa mawingu, na mawingu yanakuwa mvua ya radi. Mstari mwekundu wenye nusu duara ni fronti ya joto. Hapo hewa ya joto ndiyo inayosonga, na kwa kuwa ni nyepesi inapanda polepole juu ya mgongo wa ile baridi. Utaona mawingu membamba ya juu sana siku moja kabla, kisha yanashuka na kuwa mazito, kisha manyunyu ya saa nyingi au theluji. Fronti ya joto ni ya kuchosha tu. Ile baridi ndiyo yenye fujo.

Fronti baridi unaweza kuitambua hata bila televisheni. Kabla haijafika, upepo unatoka kusini, ngozi inanata jasho, na mgandamizo wa hewa unashuka. Inapopita, upepo unageuka ghafla na kutoka kaskazini magharibi, mgandamizo unapanda, hewa inakuwa kavu na joto linaporomoka. Mfano ambao hausahauliki ni wa tarehe 11 Novemba 1911. Siku hiyo Oklahoma City walifika nyuzi joto 28 mchana, na kabla ya saa sita usiku walikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri. Rekodi ya joto na rekodi ya baridi za tarehe hiyo ziliwekwa siku ileile. Hiyo barafu ya kioo chako, mwanangu, ni mdogo wake.

Waliotufundisha kuichora mistari hiyo walikuwa Bergen, Norwei, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilikuwa vimekata taarifa za hali ya hewa kutoka nchi jirani, chakula kilikuwa haba, na wakulima na wavuvi walihitaji utabiri. Vilhelm Bjerknes akaweka vituo vingi vya kupimia ndani ya Norwei yenyewe, karibukaribu kuliko ilivyokuwa kawaida. Mwanawe Jacob na wenzake walipozipanga takwimu hizo juu ya ramani wakaona kitu ambacho vituo vichache vilikuwa vikikificha: mvua haikutawanyika ovyo kuzunguka eneo la mgandamizo mdogo wa hewa, ilijipanga kwenye mistari. Ni uvumbuzi wa watu waliokuwa na shida, na mpaka leo ramani ya televisheni yako inautumia.

Sasa turudi Mwanza. Kwa nini huko hakuna fronti?

Sababu ya kwanza umeshaibeba mwilini. Mwanza, Julai na Januari hazipishani sana kwa joto. Tofauti ya mchana na usiku wa siku moja ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi. Nenda Kampala, nenda Tabora, utakuta hewa inayokaribia kuwa ileile. Mpaka hauwezi kuwapo pasipo pande mbili.

Sababu ya pili haionekani, nayo ni mzunguko wa dunia. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo unaosafiri mbali hupinda: kuelekea kulia ukiwa kaskazini mwa ikweta, kushoto ukiwa kusini. Nguvu hiyo ya kupinda, inayobeba jina la Mfaransa Coriolis, ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kuelekea ncha za dunia. Des Moines iko karibu nyuzi 42 kaskazini, Mwanza nyuzi 2 na nusu tu kusini. Ukipiga hesabu, ya Mwanza ni kama sehemu moja ya kumi na tano ya ile ya Des Moines. Matokeo yake ni makubwa. Huko kwenu mgandamizo mdogo ukizaliwa, upepo unaokimbilia kuujaza hupindishwa na kubaki ukiuzunguka, kwa hiyo unaishi siku nyingi, unasafiri maelfu ya kilomita, na unazikokota fronti zake pamoja nao. Mwanza tofauti ya mgandamizo ikitokea, hewa inakwenda moja kwa moja na kuifuta.

Ukiwa na kipima mgandamizo utaliona jambo hili kwa macho. Cha Mwanza hupanda na kushuka kidogo mara mbili kwa siku, kikifika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kwa utaratibu ambao ungeweza kurekebishia saa yako. Cha Iowa kinaweza kuanguka siku nzima mfululizo, na kikianguka kina sababu. Mholanzi Buys Ballot alitupa kanuni nyepesi mwaka 1857: kaskazini mwa ikweta ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko kushoto kwako. Ijaribu hapo Des Moines upepo wa kusini ukivuma, utajikuta unaonyesha magharibi, na kweli hali mbaya ya hewa kwa kawaida hukujia toka huko. Usiijaribu ufukweni Mwanza.

Basi mvua ya kwetu inaletwa na nini? Kwa nchi nzima, inaletwa na kukutana kwa pepo. Kaskazi inatoka upande mmoja, kusi upande mwingine, na pale zinapokabiliana hewa haina pa kwenda ila juu. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, ukipita kwetu Mwanza mara mbili: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Vitabu vya zamani viliuita fronti ya tropiki, na wapo walimu wa jiografia ambao bado wanafundisha hivyo. Mimi naona ni kupotosha wanafunzi. Kaskazi na kusi zote ni za joto. Zinasukumana, lakini hakuna nzito inayoingia chini ya nyepesi.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, linajitengenezea mvua. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kwenda bara na mawingu yanakua juu ya vilima. Ndiyo maana mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, mashariki mwa ziwa, hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu mahali popote duniani. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, na upepo unashuka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Pande zote zikikutana kati, hewa yenye unyevu mwingi inapanda, na hizo ndizo radi ulizozisikia ukiwa kitandani, na ndizo wanazoziogopa wavuvi wa dagaa wanaovua na taa gizani. Upepo wa jumla wa mashariki unazisukuma kuelekea magharibi kunapokaribia kucha. Ndiyo sababu Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Mwanza.

Kumbuka sasa jambo moja la nyumbani. Wingu jeusi limesimama, joto limezidi, halafu dakika chache kabla ya tone la kwanza unakuja upepo wa baridi unaobeba vumbi na kugonga madirisha. Mama anapiga kelele mkaanue nguo. Upepo ule hautoki mbali. Ndani ya wingu, matone yanapoanguka kupitia hewa kavu sehemu yake hugeuka mvuke, na kugeuka huko kunaipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, inaanguka, inagonga ardhi na kusambaa pande zote. Ukingo wake ni fronti baridi ndogo, ya kilomita chache, inayoishi saa moja au mbili, na ikienda inainua hewa ya joto iliyo mbele na kuzaa wingu jingine. Kwa hiyo sikubaliani nawe kabisa kwamba hamkuwa na fronti. Huko Iowa fronti ndiyo inayoleta mvua ya radi. Mwanza mvua ya radi ndiyo inayotengeneza fronti. Kwa mvuvi aliye majini, hii ya pili haina udogo: upepo wa ghafla wa ukingo ule ndio unaopindua mitumbwi.

Kuna fronti nyingine zinazotugusa kwa mbali. Juni hadi Agosti, fronti baridi zinapita Afrika Kusini moja baada ya nyingine. Hazifiki kwetu zikiwa fronti, lakini mgandamizo mkubwa unaozifuata huisukuma hewa yao kupitia mlango wa bahari wa Msumbiji. Kusi inakaza, pwani mawimbi yanakuwa makubwa, Njombe na Makete watu wanavaa makoti. Kipupwe kina mkono wa kusini ya mbali ndani yake.

Tonado sasa. Wengi hudhani tonado hutokea Marekani kwa sababu huko kuna joto na unyevu mwingi zaidi. Sivyo. Joto na unyevu Mwanza kuna akiba yake mwaka mzima. Kinachokosekana ni tofauti ya upepo kati ya chini na juu. Mwanza upepo wa chini na ule wa kilomita kumi juu kwa kawaida hazipishani sana kwa nguvu. Wingu linakua wima, na likianza kunyesha mvua inaangukia palepale panapopanda hewa ya kulilisha. Linajizima lenyewe ndani ya saa moja hivi.

Mei huko Iowa, upepo wa chini unatoka kusini mashariki ukileta unyevu wa Ghuba, na kilomita kumi juu kuna mkondo wa kasi kutoka magharibi unaoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Mkondo huo upo kwa sababu ileile ya fronti, yaani kusini joto na kaskazini baridi. Wingu likikua ndani ya pepo hizo mbili linainama, mvua yake inaanguka pembeni, na njia ya kupanda inabaki wazi kwa saa kadhaa. Zaidi ya hapo, upepo unaobadilika kadiri unavyopanda huifanya hewa ibiringike ikiwa imelala, na hewa inayopanda inapoinyanyua hiyo hewa inayobiringika, wingu zima linaanza kuzunguka. Wingu la namna hiyo huitwa supaseli. Nyingi hazizai tonado. Lakini tonado kali karibu zote zimetoka humo.

Ile hewa ya joto kavu ya Meksiko nayo ina kazi yake. Inatambaa juu ya unyevu wa Ghuba na kuufunika. Asubuhi na mchana utaona anga safi na kujiuliza watabiri wanaogopa nini, kumbe joto linajilimbikiza chini ya kifuniko. Jioni fronti au mchomo wa jua ukikitoboa, mawingu yanalipuka na kufika kilomita 12 au 15 juu kwa muda mfupi. Ukiambiwa asubuhi kwamba jioni kuna hatari na nje jua linawaka, usicheke.

Tarehe 21 Mei 2024 mji mdogo wa Greenfield, kusini magharibi mwa Des Moines, ulipitiwa na tonado ya daraja la EF4 na watu 5 wakafa. Madaraja hayo, sifuri hadi 5, hutolewa baada ya wataalamu kukagua uharibifu, si kwa kupima upepo wenyewe, kwa hiyo usishangae tonado ikipewa daraja siku mbili baadaye. Na usiichanganye na kimbunga cha baharini kama Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kimbunga hicho kina upana wa mamia ya kilomita, kinakula joto la bahari na kuishi siku nyingi. Tonado nyingi hazifiki kilomita moja kwa upana na huisha ndani ya dakika.

Lakini Iowa ina hatari nyingine ambayo wageni hawaambiwi vya kutosha. Tarehe 10 Agosti 2020 msururu wa mawingu ya radi ulitoka karibu na mpaka wa Nebraska ukakatiza Iowa nzima na kufika Ohio, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa 14 hivi. Cedar Rapids upepo ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake, na familia za wakimbizi, wakiwamo waliotoka maeneo yetu ya Maziwa Makuu, zililala kwenye mahema nje ya nyumba zilizobomoka. Haikuwa tonado. Ilikuwa ule upepo wa baridi wa kabla ya mvua unaoujua wewe, ila mawingu mengi yaliungana, hewa baridi zao zikawa moja, na upepo wa juu ukazifanya zisiachane na chanzo chao. Huko huitwa derecho. Ukisikia onyo la upepo wa kilomita 130 kwa saa, fanya kama umesikia la tonado.

Haya, king'ora. Kwanza ujue ujumbe wa aina mbili unaokuja kwenye simu. Ukiandikwa "watch", maana yake mazingira ya tonado yapo katika eneo kubwa kwa saa kadhaa zijazo. Ujumbe huo unatoka kituo cha Norman, Oklahoma. Endelea na shughuli, ila chaji simu na ujue watoto wako wapi. Ukiandikwa "warning", tonado imeonekana kwa macho au rada imeona mzunguko, na mtaa wako umo njiani. Hapo una dakika chache, pengine kumi, pengine pungufu.

Usiende dirishani wala barazani kuangalia, ingawa utawaona wenyeji wakifanya hivyo. Shuka ghorofa ya chini kabisa, ingia chumba cha katikati kisicho na dirisha wala ukuta wa nje: bafu, korido, stoo, au chini ya ngazi. Usitumie lifti. Vaa viatu, kwa sababu baadaye sakafu itakuwa na vioo na misumari. Jikunje, funika kichwa kwa godoro au kofia ya pikipiki kama unayo, maana wengi huuawa na vitu vinavyoruka. Ikikukuta barabarani usijifiche chini ya daraja. Pale upepo hubanwa na kuongezeka, na watu walikufa hivyo Oklahoma tarehe 3 Mei 1999. Tafuta jengo imara. Nyumba za magurudumu zikimbiwe mapema, ujumbe wa kwanza unapotoka, kwa sababu hata tonado dhaifu huzigeuza.

Ving'ora vimewekwa kwa ajili ya walio nje. Usiku, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, unaweza usivisikie kabisa, na vikinyamaza haimaanishi hatari imekwisha. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu leo uhakikishe tahadhari za dharura zimewashwa na zinalia hata simu ikiwa kimya. Na kwa kuwa unakaa juu, ongea na jirani wa chini wiki hii mkubaliane kwamba ukigonga atafungua. Saa saba usiku si muda wa kujitambulisha kwa mtu. Kama jengo lina chumba cha kufulia au stoo ya chini, muulize mwenye nyumba ufunguo huwa kwa nani baada ya saa za kazi.